Miezi mitatu ni sheria, na barabara ni ya wote

Tangazo kwa vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira, kwa wapangaji na wenye nyumba, na kwa kila mutu mwenye anakalia kiti cha komini, leo ao kesho.

Dada, ndugu,

Unatafuta chumba. Hautafuti villa ya Muhumba, hapana. Chumba kimoja na saloni kidogo, mahali mvua haiingii, mahali unaweza kutoka asubui na kufika kazini kwa miguu. Komisionere anakupeleka nyuma ya Nyawera. Nyumba ni nzuri. Mwenye nyumba anakuangalia toka viatu mpaka kichwa, kisha anasema: "Garanti miezi sita, na hatuongei zaidi." Unashukuru, unatoka. Komisionere anakufuata mbio: "Kuko ingine ya bei ya chini, lakini iko juu kidogo."

Hiyo "juu kidogo" sisi wote tunaijua. Ni njia yenye inageuka mutoni kila mvua ikianguka. Ni nyumba ya mabao imeshikamana na ya jirani. Chini yake kuko bonde, na juu yake kuko nyumba ingine, na juu ya ile kuko ingine tena. Usiku mvua ikianza, baba wa nyumba halali. Anasikiliza udongo.

Tunaandika juu ya chumba hicho. Tunajua kuko watu watasema: bunduki ziko mujini, nanyi munakuja kutuambia habari ya garanti? Ndiyo. Ni sasa ndiyo tunasema. Tangu M23 iliingia Bukavu katikati ya Februari 2025, banki zilifunga milango, mishahara ya wengi ilikatika, familia zikajazana kwa jamaa. Lakini siku ya kulipa nyumba yenyewe haikukimbia. Kila mwisho wa mwezi inabisha hodi, na inataka dola. Hatuandiki hii tangazo kwa kumutambua mutu yeyote aliyefika na silaha. Tunaandika juu sheria ya Jamhuri haifungi valizi wakati wakubwa wanafunga zao. Inabaki na watu.

Na sheria iko. Ni Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupanga nyumba zisizo za biashara. Kwa nyumba ya kulala, garanti haiwezi kupita miezi mitatu. Mitatu. Sheria haijui "kawaida ya Bukavu". Haijui "hapa ni karibu na barabara". Mutoto aliyezaliwa ule mwaka leo iko darasani na anajua kusoma. Labda yeye ndiye atawasomea wenye nyumba.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme chumba ni dola 50 kwa mwezi. Ukiombwa miezi sita, ni dola 300. Komisionere naye anataka mwezi wake moja, 50. Umefika 350 mbele ya kununua hata kitanda. Kwa sheria, garanti ingekuwa 150. Zile 150 zingine wanakutosha mukononi bila haki. Kwa mama wa kuuza sambaza, hiyo ni kapitali yake yote. Kwa mwanafunzi wa ISP ao wa UOB, ni kusoma ao kutosoma. Kwa kijana mwenye anataka kuoa, ni kungoja mwaka mwingine kwa baba yake, watu nane katika vyumba viwili.

Tena garanti ni feza yako. Mwenye nyumba anaichunga tu, siku unatoka bila kuharibu kitu anakurudishia. Lakini ni nani kati yetu alirudishiwa yote, kwa siku yake? Unasikia: "Ngoja mupangaji mupya aingie, nitakulipa na garanti yake." Wengine wanasema kweli kabisa, bila haya: "Ile feza nilishamaliza nayo choo." Angalia vizuri hapo, juu ndipo siri ya mambo yote iko. Banki haimukopeshi mwenye nyumba wa Cimpunda. Basi mupangaji ndiye banki yake. Mutu asiye na nyumba ndiye anakopesha mutu mwenye nyumba, bila faida, bila karatasi, bila tarehe ya kurudisha. Kisha tunaita hiyo "kawaida".

Hatusemi kama kila mwenye nyumba ni mwizi. Wengi wao si matajiri. Kuko mama mujane mwenye vyumba vinne, na ile feza ya vyumba vinne ndiyo minervali ya watoto, ndiyo dawa, ndiyo chakula. Alishapata wapangaji wenye walitoroka usiku na kumuachia deni la miezi tano. Mama, tunakusikia. Garanti ya miezi mitatu imewekwa juu yako pia: iko ya kukulinda na mupangaji muongo. Lakini miezi sita ao kumi haikulinde zaidi. Inafukuza mupangaji mwema mwenye hana kitu mukononi, na inakuletea yule mwenye alikopa kwa watu watatu ili aingie, na atashindwa kukulipa mwezi wa pili.

Sasa tuseme juu ya barabara.

Watu wanasema chumba cha juu ni cha bei ya chini. Si kweli. Chukua bei ya chumba, kisha ongeza njia. Weka bei ya kartiye yako mwenyewe. Tuseme ni franga 2 000 kwenda na 2 000 kurudi, kwa siku 26 za kazi. Ni franga 104 000 kila mwezi. Mvua ikianguka, motari anaongeza. Ukiuza kwa soko mpaka usiku, anaongeza tena. Na kuko mahali motari hafiki hata ukimulipa mara mbili: unashuka na mutoto mugongoni, unapanda na bidoni ya maji kichwani. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, wanaume wane wanamubeba mpaka barabarani, ndipo wanaanza kutafuta gari.

Bukavu haina gari la moshi. Haina tramu, haina bisi kubwa za Leta zenye njia yao. "Gari" zetu ni kona zenye tunajua wote: Nyawera, Feu rouge, Place de l'Indépendance, Essence, Major Vangu, na pale Kadutu kwa soko. Ni hapo taksi inasimama, ni hapo konvuayeri anaita "Bagira! Bagira! Panzi moja!" Mutu mwenye kulala dakika kumi na miguu toka kona hizo iko na muji. Anaweza kufanya kazi mbili, kusoma magaribi, kuuza mpaka saa mbili usiku na kurudi salama. Mutu mwenye kulala saa nzima toka hapo iko na mulima tu. Hiyo ndiyo sababu garanti ya karibu inapanda: wanauza kona, hawauzi chumba. Na ile kona hawakuijenga wao. Barabara ilijengwa na kodi ya wote, inarekebishwa na kodi ya wote, na mashimo yake tunayaruka wote. Faida tu ndiyo inaingia kwa mufuko wa mutu moja.

Haya mambo hayakuanguka toka mbinguni. Wakati muji uliitwa Costermansville, Ibanda na pembe zake ndani ya ziwa zilikuwa za Wazungu. Mweusi alikuja asubui kufanya kazi, magaribi alirudi kwake. Kadutu iliwekwa upande, na miaka ya 1950 Office des Cités Africaines, yenye iliundwa 1952, ikajenga Bagira, mbali zaidi, nyuma ya kilima. Nyumba za Bagira zilikuwa imara, watu wanalala ndani yake mpaka leo. Lakini wazo lilikuwa hili: mufanyakazi akae mbali, atembee. Tarehe 30 Juni 1960 bendera ilibadilika, na ule mupango ulibaki. Dekreti juu ya mipango ya miji ni ya tarehe 20 Juni 1957, mbele ya uhuru. Mukoloni alitumia rangi ya ngozi kwa kutuweka mbali na barabara. Leo wanatumia garanti. Matokeo ni yaleyale: nani analala karibu, nani anapanda.

Wengine wanasema: "Munataka kujaza watu katikati ya muji? Bukavu imeshasongamana, haina pumuzi." Ndugu, ni kweli imesongamana. Lakini imesongamana wapi? Panda Nkafu, panda Nyamugo, angalia Buholo. Hapo nyumba zinagusana ukuta kwa ukuta, ao mubao kwa mubao. Mutu akiachilia moto wa makala usiku, avenyu nzima inaungua, na gari ya kuzima moto haina pa kupitia. Kila kiangazi tunahesabu nyumba zenye ziliungua Kadutu, tunachangisha maboya na masufuria, kisha watu wanajenga tena palepale na mabao yaleyale. Hiyo ndiyo musongamano wa kweli, na ni wa chini kwa chini, bila etaji hata moja. Kisha shuka mpaka kwenye pembe za ziwa. Hapo kuko viwanja vyenye familia moja, mulinzi moja na imbwa wawili wanakaa mahali kungeweza kulala familia makumi mbili. Swali si kama Bukavu itasongamana. Ilishasongamana. Swali ni wapi, na kwa namna gani.

Tunaomba musongamano uende mahali udongo uko na nguvu na barabara iko karibu, uondoke mahali udongo unatembea. Ni hiyo tu.

Juu udongo wa Bukavu unatembea kweli. Mwisho wa Desemba 2023 mvua ya usiku moja iliua watu hapa Ibanda, nyumba ziliwaangukia wakiwa wamelala. Mwezi wa tano ya ule mwaka, Kalehe, tulizika watu zaidi ya 400 wa Bushushu na Nyamukubi. Na wale waliokuwa wakubwa tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka namna inchi ilitetemeka siku ya Mungu, kuta zikapasuka, watu wakalala inje. Mutu asituambie kama hatujui hatari. Sisi ndio tunalala ndani yake.

Na ni hapo wanakuja na jibu lao la pili: "Ndiyo maana Bukavu haiwezi kubeba nyumba za etaji." Sawa. Basi zile za avenyu Lumumba zinabebwa na nani? Zile hoteli, zile maduka ya etaji nne na tano zenye vioo vya bluu, zinaelea? Wanajenga kila mwaka. Wakati ni hoteli, udongo unabeba. Wakati ni duka, udongo unabeba. Wakati tunaomba vyumba vya watu wa kawaida, ghafula udongo unakuwa mugonjwa.

Ukweli ni huu: kuko mahali udongo unaweza kubeba na kuko mahali hauwezi, na ni injiniya mwenye kupima ndiye anapashwa kusema, si feza. Tunao mainjiniya, tunao maprofesa wa jeolojia katika hizi universite zetu, wenye wamesoma haya mabonde miaka na miaka. Karata ya mahali pa hatari ingepashwa kubandikwa kwa mulango wa kila komini, kila mutu aione mbele ya kununua kiwanja. Nyumba ya etaji bila hesabu ya injiniya, bila vyuma vya kutosha, na simiti iliyochanganywa na muchanga mingi, tunaikataa kwa nguvu zaidi kuliko wao. Hatutaki kutosha watu bondeni ili ghorofa iwaangukie Nyawera.

Jibu la tatu: "Hakuna kiwanja." Tafazali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, hauuzwi. Mutu anapewa ruhusa ya kuutumia tu. Katikati ya muji kulikuwa nyumba za Leta, bustani za Leta, depo za Leta. Watu wa Bukavu wanajua ngapi ziligeuka mali ya watu, karatasi moja kwa moja, sahihi moja kwa moja. Kiwanja kilikuwako. Kilipewa watu wenye tayari walikuwa na vingine.

Na kuko jibu la ine, lenye linatuuma zaidi juu linatoka kwa vijana wenzetu. Wakati mabomoa yanafika, wakati alama ya musalaba mwekundu inachorwa kwa ukuta, tunapiga makofi kwa simu: "Vizuri, wamejenga ovyo, wabomolewe." Tuwe na haya kidogo. Yule aliyejenga juu ya mufereji hakupenda mufereji. Alitafuta Ibanda, wakamuomba miezi kumi. Alinunua kwa mutu mwenye alikuwa na karatasi, na ile karatasi ilitoka kwa ofisi. Nyumba yenye kuziba maji ya Kawa inapashwa kutoka, hiyo tunakubali, juu inaua wenye kuwa chini. Lakini ukibomoa bila kuonesha mahali pa kwenda, umehamisha bonde tu. Wiki mbili nyuma, wale watu utawakuta kwa mulima mwingine, na mabao yaleyale.

Tuangalie jirani kidogo, juu wengi kati yetu wanavuka Ruzizi kila wiki na wanarudi wakisifu Kigali. Kigali ni safi, sawa. Lakini uliza watu wa kartiye iliyoitwa Bannyahe. Walipelekwa kwa nyumba za etaji kule Busanza, na wa mwisho walitolewa 2022, kisha ya miaka ya kesi: wengi walitaka walipwe feza ya mali yao, hawakutaka kuchaguliwa nyumba. Etaji bila kuuliza watu ni mabomoa yenye kuvaa tai.

Mufano mwingine uko Dar es Salaam. Pale Magomeni Kota, karibu na barabara ya Morogoro mahali mwendokasi inapita, familia 644 ziliondolewa na nyumba zao za zamani zikabomolewa. Walingoja miaka, walipiga kelele, na 2016 Rais Magufuli aliahidi watajengewa palepale. Nyumba za etaji zilifunguliwa 2022, vyumba vya familia 644, kwa ile namba ileile, kwa kile kiwanja kilekile. Ilichukua muda mingi, na watu waliteseka katikati. Lakini ona kilichowaokoa: walikuwa na liste ya majina, na hawakuiachilia. Hawakupelekwa mwisho wa muji. Walirudi karibu na bisi.

Hatuna feza ya Dar, tunajua. Hatuna hata banki zenye kufanya kazi sawasawa. Ndiyo maana mambo mengi yenye tunaomba hapa hayaombi feza. Yanaomba sahihi, na mutu wa kuheshimu sahihi.

Tunaomba hivi:

1. Garanti miezi mitatu, basi. Kila bourgmestre na kila shefu wa kartiye abandike kipande hicho cha sheria ya 2015 kwa mulango wa ofisi, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Mupangaji mwenye aliombwa zaidi aweze kwenda kushitaki bila kulipa kitu kwa mulango.

2. Karatasi kwa kila feza. Garanti iandikwe, isainiwe na pande mbili, na shefu wa avenyu awe mushuhuda bila kuomba "ya soda". Siku ya kutoka, garanti irudi mbele ya ushuhuda huohuo. Mupangaji mwenye hana miezi mitatu kwa mara moja akubaliwe kulipa kidogokidogo, na ile nayo iandikwe.

3. Komisionere alipwe na yule aliyemutuma. Ikiwa mwenye nyumba ndiye alimupa kazi ya kutafuta mupangaji, yeye ndiye amulipe.

4. Etaji karibu na kona za taksi, kwa sharti. Mahali injiniya alipima na kusema udongo unabeba, kwa umbali wa dakika kumi na miguu toka Nyawera, Feu rouge, Place, Essence, Major Vangu na soko la Kadutu, mwenye kujenga aruhusiwe kupandisha etaji zaidi. Lakini chumba kimoja kati ya tano kiwe cha bei ya mutu wa kawaida, bei yake iandikwe kwa franga, na isigeuke kisha ya miaka miwili kuwa ofisi ya mutu wa dola. Unapata etaji juu ya barabara yetu, unatuachia vyumba. Ni biashara ya haki.

5. Kila nyumba ya etaji iwe na kibali na plani ya injiniya, vibandikwe mbele ya shantie, mupita njia asome. Hakuna kibali, hakuna simiti.

6. Karata ya mahali pa hatari itolewe inje, na hakuna mutu atabomolewa mbele ya kuandikwa kwa liste na kuoneshwa mahali pa kulala. Liste ikae kwa watu, isikae kwa droo ya ofisi.

7. Viwanja vya Leta vyenye bado viko katikati ya muji vihesabiwe na majina yatangazwe. Cha kwanza chenye kitapatikana kisiwe hoteli.

Hayo ni ya wakubwa. Sasa ya kwetu, juu tukingoja wakubwa tu tutazeeka kwa ngazi.

Kijana, ukienda kutafuta nyumba usiende peke yako. Muende watatu. Chukua hii sheria katika simu, soma namba yake mbele ya mwenye nyumba na sauti ya heshima: "Papa, Mama, sheria inasema mitatu, na mimi niko tayari kulipa mitatu leo." Wengine watakufukuza. Wengine watakubali, juu hawakuwa wanajua. Tulishaona wenye kukubali. Ukilipa, omba karatasi. Wakikunyima karatasi, andika ujumbe kwa simu palepale: nimekupa kiasi fulani, tarehe fulani, na mushuhuda fulani. Ni kidogo, lakini siku ya kesi ni kitu.

Na wewe mwenye uko na vyumba vya kupangisha, kijana mwenzetu uliyeachiwa nyumba na wazazi: usiwe wa kwanza kutufanyia yenye tulilalamikia pamoja. Ni rahisi kupiga kelele juu ya wakubwa na kuomba miezi nane nyumbani kwako.

Na sisi wote, tuache ile mazoea ya kusema "ni vile Bukavu iko". Bukavu haikuzaliwa vile. Mutu alichora mustari, akasema hawa karibu, hawa mbali. Mustari wenye ulichorwa na mutu, mutu anaweza kuufuta.

Mvua ya mwezi wa tisa itaanza tena. Kuko watu watalala wakisikiliza udongo, na kilometa chache chini yao kuko vyumba vitupu vyenye kungoja mutu wa miezi kumi. Hatuombi zawadi. Tunaomba miezi mitatu yenye imeandikwa, na nafasi ya kulala karibu na barabara yenye tulilipa.

Soma, tuma kwa wengine, chapisha, bandika kwa avenyu yako. Kama uliombwa zaidi ya miezi mitatu, tuandikie: sema kartiye na miezi mingapi, usiseme jina la mutu. Tutahesabu, na siku tutaenda kwa komini tutaenda na hesabu mukononi.

Mitatu ni mitatu.

Vijana wa harakati ya wanainchi, Bukavu